Baba yake Anakin ni nani? Tulifungue hili fundo la Star Wars taratibu

Mwaka 1980 watu walitoka kwenye majumba ya sinema na swali moja tu kichwani: kwenye muvi ya pili ya Star Wars, yule adui mkubwa wa kofia nyeusi, Darth Vader, kamwambia steringi, Luke, kwamba yeye ndo baba yake, sasa kasema kweli au kamdanganya? Jibu likaja 1983. Miaka mitatu mizima watu wanabishana bila intaneti, bila trela ya kusimamisha na kukuza picha, kila mtu na hoja zake. Na sio washabiki peke yao, hata James Earl Jones, yule mwenye ile sauti nzito ya Darth Vader, alishasimulia kwamba alipousoma ule mstari kitu cha kwanza kumjia kichwani ni kwamba Vader anadanganya.

Naanzia hapo makusudi, maana kuna watu wanadhani haya mambo ya kubashiri Star Wars yameletwa na YouTube. Hapana, ni ya tangu mwanzo kabisa, na ukifuatilia vizuri utaona karibu ubishi wote mkubwa wa miaka 40 na kitu unarudi pale pale, nani mtoto wa nani na hilo lina maana gani. Baba yake Luke nani, dada yake nani, baba yake Anakin (huyohuyo Vader kabla hajageuka mbaya) nani, wazazi wa Rey, shujaa wa muvi mpya, nani. Mimi nimelala na kuamka na hizi nadharia miaka mingi na naona watu wengi wanakwama kwa sababu wanachanganya maswali matatu tofauti kama vile ni swali moja, kwahiyo nataka tuyatenganishe taratibu.

Swali la kwanza ni nini kimetokea ndani ya hadithi yenyewe. La pili, aliyeitunga alikuwa amekusudia nini, na alikusudia lini. La tatu ni maana yake, yaani hadithi inatuambia nini hata kama mtunzi hakukaa akapanga. Mtu mmoja anakuja na ushahidi wa swali la pili, mwenzake anamjibu kwa swali la tatu, wanatukanana mpaka usiku wa manane na kumbe kila mmoja yuko sahihi kwenye swali lake.

Tuchukue hili la 1980. Wengi wanaamini George Lucas, mtunzi wa Star Wars, alikuwa na hadithi nzima mkononi tangu ile muvi ya kwanza ya mwaka 1977. Ukweli ni kwamba skripti ya kwanza ya ile muvi ya pili iliandikwa na Leigh Brackett mwanzoni mwa 1978, na humo ndani baba yake Luke anatokea kama mzimu anaongea na mwanae, wakati Vader ni mtu mwingine kabisa. Alafu huyo baba anamwambia Luke kwamba ana dada yake yuko mbali, anaitwa Nellith, na wala sio Leia, yule binti mfalme ambaye baadaye ndo alikuja kuwa dada yake. Brackett akafariki mwezi wa tatu mwaka huohuo, Lucas akakaa akaandika mwenyewe, na hapo ndo Vader akageuka kuwa baba. Kwahiyo ile hoja maarufu kwamba siri ilikuwa wazi toka mwanzo kwa sababu neno vader kwa Kiholanzi ni baba, haina miguu, maana jina la Vader lilikuwepo tangu skripti za mwanzo kabisa za 1974, na huko amepewa jenerali tu asiye na undugu wowote na steringi. Lucas alikuja kusema baadaye kwamba jina linatokana na hilo neno la baba, sawa, ila makaratasi yanasimulia kitu kingine. Hata ile "Episode IV" unayoiona mwanzoni mwa muvi ya kwanza haikuwepo 1977, iliongezwa ilivyorudishwa kwenye majumba ya sinema 1981.

Na siri yenyewe walivyoitunza! Siku ya kupiga picha, David Prowse aliyekuwa ndani ya lile vazi jeusi alipewa mstari wa uongo, akatamka kwamba Obi-Wan, yule mzee mwalimu wa Luke, ndo amemuua baba yake Luke. Mark Hamill, aliyeigiza Luke, alinong'onezwa ukweli na dairekta Irvin Kershner muda mfupi kabla ya kamera kuwashwa. Ule uso unaouona pale, lile jicho la mtu aliyevunjikiwa na dunia nzima, ni wa mtu anayesikia maneno mengine kabisa masikioni na anaigizia yale aliyoambiwa pembeni. Sauti ya kweli ikaja kuwekwa baadaye studio.

Sasa angalia hiki kitu. Rudi kwenye muvi ya 1977, pale kibandani kwa mzee Obi-Wan. Luke anauliza baba yake alikufaje. Alec Guinness, aliyeigiza Obi-Wan, hajibu hapohapo, anasita, macho yanahama kidogo, ndo anaanza kusema kwamba kijana mmoja anaitwa Darth Vader, mwanafunzi wake, alimsaliti na kumuua. Leo ukiiangalia unaapa kwamba huyu mzee anatafuta uongo wa kumpa mtoto. Lakini wakati Guinness anasita hakukuwa na uongo wowote wa kuficha, kwenye hadithi ya siku ile alikuwa anasema kweli tupu, ni mzee tu anayekumbuka kitu kinachouma. Miaka 3 mbele hadithi ikabadilika na ule msito ukapata maana mpya, na 1983 Obi-Wan akalazimika kujitetea kwamba alichosema kilikuwa kweli kwa mtazamo fulani.

Mimi hiki kipande kinanipa raha kuliko nadharia yoyote, kwa sababu kinaonyesha mtunzi mwenyewe alifanya kilekile tunachofanya sisi, alirudi kwenye muvi yake akakuta nafasi iliyo wazi akapitisha uzi. Anayesema ilipangwa toka mwanzo anakosea kwenye swali la pili. Anayesema kwamba kwa kuwa haikupangwa basi haina maana, huyo naye anakosea kwenye la tatu.

Haya, tuje kwa Anakin, hapa ndo fundo lenyewe.

Mwaka 1999 tukarudishwa nyuma tukamwona Vader akiwa mtoto mdogo wa miaka 9, mtumwa kwenye sayari ya jangwa. Qui-Gon, mmoja wa Jedi, wale walinzi wa amani wenye panga za mwanga, anamuuliza mama yake, Shmi, baba wa huyu mtoto ni nani. Mama anasema hakuna baba. Alibeba mimba, akazaa, akalea, hawezi kueleza imetokeaje. Qui-Gon anapima damu ya mtoto anakuta vile viumbe vidogo vinavyoitwa midikloriani, ndo vinavyomuunganisha mtu na Nguvu, ile nishati ya ajabu inayowapa Jedi uwezo wao, viko vingi kuliko hata vya Yoda, mkuu wa Jedi, na anaanza kuamini huyu ndiye Mteule aliyetabiriwa, atakayerudisha mizani kwenye Nguvu.

Alafu inakuja muvi ya 2005, Anakin ameshakuwa kijana Jedi. Kwenye opera. Palpatine, kiongozi wa serikali ambaye baadaye ndo anakuwa mfalme na bwana wa Vader, amekaa kwenye kiti, mbele yao kuna wachezaji wanaelea ndani ya mapovu makubwa ya maji, muziki wa chini chini sana kama mtu anakoroma. Anawaondoa watu wake, anamsogeza Anakin karibu, na anaanza kusimulia kwa sauti ya babu anayemsimulia mjukuu, kisa cha Darth Plagueis, bwana wa Sith, maadui wa Jedi wanaoutumia upande wa giza wa Nguvu, aliyekuwa na ujuzi mkubwa hadi akaweza kuzitumia midikloriani kuumba uhai na kuwazuia awapendao wasife. Akamfundisha mwanafunzi wake kila kitu, na mwanafunzi akamuua usingizini. Palpatine anavyofika hapo kwenye usingizi uso wake unatulia, karibu anatabasamu. Hasemi kwamba mwanafunzi ni yeye, anaiacha tu hewani. Anakin, ambaye usiku halali kwa ndoto za mke wake kufa, anauliza kitu kimoja tu, je mtu anaweza kujifunza huo uwezo?

Mashabiki wakaunganisha hapohapo. Mtoto asiye na baba, mchawi anayeumba uhai kwa midikloriani, basi Anakin ametengenezwa na Plagueis, au na Palpatine mwenyewe. Na hii sio ya kuokota barabarani, kwenye skripti moja ya mwanzo ya hiyo muvi Palpatine alikuwa anamwambia Anakin waziwazi kwamba ni kama yeye ndo baba yake. Lucas akaitoa. Mwaka 2012 ikatoka riwaya ya Plagueis ikaleta jibu la tatu kabisa, kwamba wale wawili walijaribu kuilazimisha Nguvu, na Nguvu ikawajibu kwa hasira kwa kumleta mtoto wake yenyewe. Ila mwaka huohuo wa 2012 Disney wakainunua Lucasfilm kwa dola bilioni 4 na kidogo, na 2014 riwaya na komiki karibu zote za zamani zikatolewa kwenye historia rasmi zikaitwa Legends, kwahiyo ukiona watu wawili wanabishana kuhusu Plagueis bila kuelewana uliza kwanza kila mmoja kasoma kabati gani. Alafu 2024 tamthilia ya The Acolyte ikatuletea mapacha Osha na Mae waliozaliwa na mama bila baba, kwa kuitumia Nguvu, na mwishoni Plagueis akachungulia gizani sekunde chache tu. Tamthilia ikasitishwa baada ya msimu mmoja. Moto ukabaki unafuka.

Sasa mimi nasemaje? Kwenye swali la kwanza, nini kimetokea, muvi zenyewe hazijajibu, na shahidi pekee tuliye naye pale opera ni mtu ambaye kazi yake ni kudanganya, tena anaongea na kijana ambaye anajua kabisa kidonda chake kiko wapi. Kwahiyo anayesema imethibitishwa anaharakisha. Ila angalia swali la tatu. Anakin anapita hadithi nzima anatafuta baba. Qui-Gon anamchukua, anauawa ndani ya siku chache. Obi-Wan anambeba lakini ni kijana mwenyewe, anajiona kaka zaidi, na mwisho wake, walipopigana pale kwenye lava baada ya Anakin kugeuka, ndo neno analolia nalo, kwamba wewe ulikuwa ndugu yangu. Nafasi ya baba imebaki wazi, na mtu mmoja tu kwenye ile galaksi kubwa ana muda wa kukaa nayo, anamsikiliza, anamsifia, anamwita mwanangu. Iwe Palpatine alimtengeneza kwa uchawi au hakumtengeneza, amejiweka kwenye kiti kile kile. Ndo maana hiyo nadharia haifi hata ukiikanusha mara mia, inagusa kitu ambacho hadithi inakifanya kweli.

Tuje kwenye mizani, maana utabiri unamsubiri.

Kuna kundi linahesabu vichwa. Wanasema mwaka 1999 Jedi walikuwa maelfu na Sith wawili tu, mizani imeelemea, kwahiyo Mteule alipowaua Jedi wakabaki Yoda na Obi-Wan kwa upande mmoja, Palpatine na Vader upande wa pili, wawili kwa wawili, utabiri umetimia, na Jedi walikuwa wajinga kuusubiri. Ni nadharia tamu, inakaa vizuri mdomoni. Tatizo ni kwamba hesabu yenyewe haisimami, maana kwenye tamthilia na katuni tunajua Jedi wengine walinusurika, Kanan na wenzake, na Ahsoka, aliyekuwa mwanafunzi wa Anakin, naye yupo hata kama alishaachana na Jedi. Na zaidi, Lucas mwenyewe amelieleza hili mara nyingi, kwake upande wa giza sio nusu ya kitu bali ni ugonjwa ndani ya kitu, mizani inarudi ugonjwa ukiondoka, yaani Vader anapomnyanyua mfalme Palpatine na kumtupa shimoni kwenye muvi ya 1983.

Ila siwezi kuwalaumu sana wanaohesabu, kwa sababu neno mizani lenyewe linakuletea picha ya sahani mbili. Alafu kwenye katuni ya Clone Wars, msimu wa 3, kuna vipindi vya Mortis ambapo Anakin anakutana na familia ya ajabu, Baba, Mwana na Binti, mwana ni giza binti ni nuru, na baba kazi yake ni kuwashikilia wote wawili wasije wakaiangamiza dunia. Anamwomba Anakin achukue nafasi yake. Ukiiangalia hiyo bila kumsikia Lucas utatoka umeamini nuru na giza vinatakiwa kulingana. Mimi naisoma hivi: pale kinachotakiwa ni mzazi anayeweza kumtuliza mwana, wala hakuna anayeomba giza liongezwe. Na tena ni baba. Kila ukifungua mlango kwenye hii hadithi unamkuta baba amekaa.

Yoda naye 2005 anasema utabiri huenda ulisomwa vibaya, mstari mmoja tu, na mashabiki wameishi humo miaka 20. Alafu 2019 Palpatine akarudi kutoka kwa wafu na ubishi ukaanza upya kabisa, kama amerudi basi Anakin alitimiza nini? Wengi waliumia hapo, na mimi ni mmoja wao. Jibu ninaloweza kuishi nalo ni kwamba alichokitimiza Anakin hakikuwa kuua mtu, maana hata angekuwa amemuua mara kumi giza lingepata mtu mwingine. Alichokifanya ni kuvunja ule mnyororo wa bwana na mtumwa wake, na ameuvunja kwa ajili ya mwanae.

Hapa lazima niseme kidogo kuhusu Joseph Campbell, maana jina lake linatupwa kila mahali. Mwaka 1949 alitoa kitabu kinachosema hekaya za mataifa mengi zina mifupa inayofanana, shujaa anaitwa, anakataa, anapata mzee wa kumwongoza, anaingia gizani, anapambana na baba au kivuli chake, anarudi amebadilika. Lucas alikisoma na hajawahi kuficha, na mahojiano maarufu ya Campbell kwenye televisheni yaliyooneshwa 1988 sehemu kubwa yalirekodiwa palepale kwa Lucas, Skywalker Ranch. Ila Lucas alikula vyungu vingi, ile mbinu ya kusimulia vita vikubwa kupitia macho ya watu wawili wa chini, kama zile roboti R2-D2 na C-3PO, ni ya Kurosawa, dairekta wa Kijapani, kwenye muvi yake ya 1958. Na mwanzo wenyewe wa kila episodi, yale maandishi ya bluu kwamba ni zamani sana, galaksi ya mbali, ni ile ile hapo zamani za kale, unaambiwa kabla ya kitu chochote kwamba unaingia kwenye ngano.

Shida ilikuja mashabiki walipoigeuza ile mifupa kuwa ramani ya kubashiria. Kuanzia 2015, muvi mpya zilipoanza, ilikuwa ni Rey na Snoke, yule adui mkuu mpya, Snoke na Rey. Kwa kuwa shujaa lazima awe na ukoo basi Rey ni mtoto wa Luke, hapana ni mjukuu wa Obi-Wan, na Snoke lazima awe Plagueis. Watu walipima makovu kwenye uso wa Snoke! 2017 Rian Johnson akamuua Snoke katikati ya muvi bila kueleza katokea wapi na Rey akaambiwa wazazi wake walikuwa wauza vyuma chakavu waliomuuza wapate hela ya pombe. 2019 J.J. Abrams akageuza tena, Snoke ni kitu alichokitengeneza Palpatine na Rey ni mjukuu wa Palpatine. Madairekta wawili walikuwa wanajibizana ndani ya hadithi moja, na hakuna nadharia inayoweza kutabiri mabishano ya aina hiyo, kwahiyo waliokosea wasijione wajinga.

Nadharia ninazozipenda ni zile zinazoangalia mwangwi. Lucas mwenyewe alishasema muvi zake zinatungwa kama shairi, vipande vinafanya vina, na kuna watu wamekaa wakaonyesha jinsi muvi 6 za kwanza zinavyojibizana, mkono unakatwa huku, mkono unakatwa kule. Chukua 1983, mwisho wa pambano. Luke amekasirika, anapiga, anapiga, anamkata baba yake mkono wa kulia. Anasimama. Anaona nyaya zinatoka moshi kwenye kile kigutu. Alafu anaangalia mkono wake mwenyewe ndani ya glavu nyeusi, nao ni wa mashine, umekatwa na huyuhuyu baba. Hakuna neno linasemwa. Mfalme yuko nyuma anacheka anamwambia muue uchukue nafasi yake. Anayekijua kisa cha Fumo Liyongo ataelewa uzito wa hapo, mtoto kaahidiwa binti wa mfalme akachukua sindano ya shaba akamchoma baba yake kitovuni. Luke naye kaahidiwa enzi, na anautupa upanga wa mwanga pembeni.

Na wala sidharau nadharia za kuchekesha. Ile ya Jar Jar Binks, yule kiumbe mchekeshaji wa muvi ya 1999, kuwa bwana wa Sith aliyejificha, iliyolipuka 2015, ilianzia kwa mtu aliyeangalia jinsi Jar Jar anavyoyumba vitani na kufananisha na mapigano ya mlevi ya kung fu. Haikuwa kweli. Ila ilifanya watu wengi waliokuwa wamemchukia yule kiumbe wamwangalie tena kwa makini, na 2024 LEGO wakatengeneza tamthilia fupi yenye Darth Jar Jar na Ahmed Best mwenyewe, aliyemwigiza, akatia sauti.

Kuna moja mpaka leo naibeba. Mwisho wa ile ya 1983 Luke amemchoma moto baba yake, anageuka anaona mizimu mitatu imesimama, Yoda, Obi-Wan na Anakin. Kwenye muvi iliyotoka mwaka huo Anakin ni mzee, Sebastian Shaw, uso uleule Luke aliouona alipomvua kofia. Kwenye DVD ya 2004 wakamtoa wakamweka Hayden Christensen, kijana, Anakin wa kabla hajaanguka. Wanaoitetea wanasema mtu mwema alikufa siku alipogeuka Vader, kwahiyo anarudi kama alivyokuwa siku ile. Nawaelewa. Lakini Luke hajawahi kumwona huyo kijana. Baba aliyemjua ni yule mzee mweupe aliyeungua, aliyeomba avuliwe kofia ili amwangalie mwanae kwa macho yake mwenyewe, na kila nikifika hapo namtafuta yule mzee, nataka awe ndiye anayetabasamu pale kando ya miti.